Nani Atamiliki Matokeo? Mpango wa Miliki Bunifu katika Maombi ya Ufadhili wa Utafiti wa Pamoja

Utangulizi

Ng'ambo ya Mto Kilombero, kusini mwa mji wa Ifakara, kipo kijiji cha Kivukoni katika Wilaya ya Ulanga. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mpunga. Msimu wa kilimo unapofika, familia nyingi za bonde hili huhamia kwenye vibanda vya mashambani, mahali ambapo mbu ni wengi na zahanati iko mbali. Kwa sababu hiyo Kivukoni na vijiji jirani, kama Minepa na Lupiro, vimekuwa kwa miaka mingi sehemu ya tafiti za malaria zinazoendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na washirika wake wa ndani na nje ya nchi.

Katika tafiti za namna hii kila mtu hutoa kitu. Mkazi hufungua nyumba yake usiku ili mbu wakamatwe. Mama hukubali mwanawe atolewe tone la damu. Muuguzi wa zahanati hujaza rejista kwa uangalifu zaidi ya kawaida. Fundi cherehani hushona kifaa ambacho hakijawahi kushonwa. Mtaalamu wa maabara, awe wa Ifakara au wa Ulaya, huyaunganisha hayo yote na kupata jibu. Miaka kadhaa baadaye jibu hilo huweza kuwa dawa, chanjo, kipimo au chandarua chenye bei yake na mmiliki wake.

Swali la nani atakuwa mmiliki, na kama kitu hicho kitarudi Kivukoni kwa bei ambayo mkulima ataimudu, mara nyingi huwa limekwisha kujibiwa kabla mbu wa kwanza hajakamatwa. Jibu limo katika kurasa chache za ombi la ufadhili ziitwazo mpango wa usimamizi wa miliki bunifu. Mara nyingi kurasa hizo huandikwa mwishoni kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ombi, tena na mshirika mmoja tu. Makala haya yanaeleza mpango huo ni nini, wafadhili wanataka nini ndani yake, na namna ya kuuandika ili haki za watafiti, wahudumu wa afya na wagonjwa zisiachwe nje.

Maana ya maneno

Miliki bunifu ni haki ambazo sheria humpa mtu au taasisi juu ya zao la akili. Katika utafiti wa afya aina nne hujitokeza mara kwa mara. Hataza hulinda uvumbuzi, yaani kifaa, dawa au njia ya kutengeneza kitu ambayo ni mpya, isiyo dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na inayoweza kutumika viwandani. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Biashara Duniani, ulinzi wake hufikia miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Hakimiliki hulinda maandishi, picha, programu za kompyuta, madodoso na vitabu vya mafunzo. Alama ya biashara hulinda jina au nembo ambayo kwayo bidhaa hutambulika sokoni. Siri ya biashara hulinda maarifa yasiyotangazwa, kwa mfano vipimo vya mchanganyiko wa dawa inayotiwa kwenye kitambaa.

Kwa Tanzania Bara, hataza na alama za biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake. Tanzania pia ni mwanachama wa shirika la miliki bunifu la kanda, ARIPO, lenye makao yake Harare, na ni mwanachama wa Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao huwezesha ombi moja kufungua njia ya kuomba ulinzi katika nchi nyingi.

Ni muhimu pia kujua kisichokuwa uvumbuzi. Mbu kama alivyo porini, damu ya mgonjwa na dalili za ugonjwa haviwi uvumbuzi kwa sababu tu vimepatikana. Hata hivyo kipimo kilichobuniwa kwa kutumia damu hiyo chaweza kuwa uvumbuzi, na mtego uliobuniwa kutokana na tabia za mbu huyo vilevile. Hapa ndipo penye ugumu. Mchango wa kijiji, wa zahanati na wa mgonjwa mara nyingi ni wa aina ambayo sheria ya hataza haiitambui. Kwa hiyo mchango huo hulindwa kwa makubaliano yaliyoandikwa mapema. Yasipoandikwa, hubaki kuwa shukrani mwishoni mwa makala ya kitaalamu.

Mafunzo kutoka bondeni

Bonde la Kilombero lina historia inayofaa kusomwa na kila anayeandika mpango wa aina hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, Wilaya ya Kilombero. Chanjo hiyo ilibuniwa na mtafiti wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo, ambaye aliamua kulikabidhi Shirika la Afya Duniani haki zake juu ya chanjo hiyo. Matokeo ya Idete, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalihusu watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, na yalionyesha kinga ya asilimia 31 hivi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya watoto wachanga, hayakuthibitisha manufaa hayo, na chanjo ikaachwa. Kisa hiki kinafundisha kwamba nia njema juu ya umiliki haiwezi kuifanya chanjo dhaifu iwe imara. Kinafundisha pia kwamba swali la umiliki linaweza kuamuliwa mapema, kabla ya sayansi kutoa hukumu yake. Laiti chanjo ile ingefaulu, mjadala wa nani ana ruhusa ya kuitengeneza usingeanzia mwanzo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa njia ya masoko ya kijamii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yalihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Bidhaa za mradi ziliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Mteja wa dukani hakujua jina la kiwanda wala la kiuatilifu, lakini jina la pakiti alilijua. Hivyo jina nalo lilikuwa mali ya mradi. Katika mradi wowote unaotoa bidhaa yenye jina, lazima iandikwe mapema nani atalimiliki jina hilo mradi ukifungwa, na nani ataruhusiwa kulitumia, ili lisije likabandikwa kwenye bidhaa isiyo na ubora.

Mfano wa tatu ni dawa mseto ya malaria. Artemisinini ilipatikana katika mmea na wanasayansi wa China katika miaka ya 1970, ikatangazwa mwaka 1977, kabla China haijawa na sheria ya hataza ya mwaka 1984. Kwa hiyo artemisinini yenyewe haikuwekewa hataza. Mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, uliobuniwa baadaye, uliwekewa, na kampuni ya Novartis ikapata haki ya kuuendeleza nje ya China. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza dawa hiyo bila faida kwa sekta ya umma katika nchi zenye malaria. Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali. Jaribio la aina inayoyeyuka kwa ajili ya watoto, lililochapishwa mwaka 2008 na kuongozwa na Salim Abdulla wa Ifakara, lilihusu watoto 899 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Hapa hataza ilikuwepo na dawa ikafika zahanati. Kilichofungua njia ni kifungu cha bei katika makubaliano.

Yaliyotokea Nairobi

Mfano wa Kenya unaonyesha upande wa pili. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada walifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo. Baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikutana navyo mara nyingi. Uchunguzi wa kinga yao ulisaidia kuzaa wazo la chanjo, ambayo ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Oxford, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na shirika la kimataifa la IAVI.

Mwaka 2000 ilijulikana Kenya kwamba ombi la hataza lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila majina ya watafiti wa Nairobi. Suala hilo likawa gumzo magazetini na kuleta uchungu mkubwa. Baada ya majadiliano makubaliano yaliandikwa upya, na upande wa Nairobi ukaingizwa katika umiliki. Miaka michache baadaye chanjo hiyo ilionekana kuamsha kinga dhaifu, ikasitishwa.

Kwa hesabu ya fedha, hakuna aliyepoteza utajiri, kwa kuwa bidhaa haikufika sokoni. Kilichopotea ni imani, na katika utafiti imani ni vigumu kuirudisha kuliko fedha. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ugomvi huo haukuhitaji mtu mwenye nia mbaya. Ulihitaji tu ukimya wa maandishi. Pale ambapo mkataba hausemi kitu, kila mshirika hufuata mazoea ya taasisi yake, na taasisi yenye ofisi ya wanasheria hufika kwa msajili mapema kuliko isiyo nayo.

Wafadhili wanataka nini

Wafadhili hawafanani, na mpango ulioandikwa kwa mmoja hauwezi kunakiliwa kwa mwingine bila kurekebishwa.

Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa miaka 2021 hadi 2027, ambao ndio unaoongoza pia ufadhili wa majaribio ya tiba kati ya Ulaya na Afrika, huweka kanuni nne za msingi. Kila mshirika hutaja miliki ya awali atakayoingiza katika mradi. Matokeo humilikiwa na mshirika aliyeyazalisha. Wakiyazalisha pamoja kwa namna isiyoweza kutenganishwa, huyamiliki pamoja na kuandikiana mkataba. Washirika hupeana haki ya kutumia kile kinachohitajika ili kazi ya mradi ifanyike. Ipo pia kanuni ambayo wengi hawaioni: wamiliki wa pamoja wasipokubaliana vinginevyo, kila mmoja anaweza kutoa leseni isiyo ya kipekee kwa mtu wa nje, mradi awape wenzake taarifa ya siku 45 kabla na fidia ya haki. Taasisi isiyopenda kanuni hiyo lazima iandike kanuni yake kabla.

Taasisi ya Gates hudai jambo tofauti kidogo. Maarifa yanayotokana na fedha zake lazima yasambazwe haraka na kwa upana, na bidhaa zipatikane kwa bei nafuu kwa watu wenye uhitaji zaidi katika nchi zinazoendelea. Mwombaji huulizwa ataitimizaje ahadi hiyo, na jibu la "tutaangalia baadaye" halitoshi.

Juu ya wafadhili zipo sheria na taratibu za nchi. Utafiti wa afya Tanzania hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Watafiti wa kigeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sampuli hazitoki nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli ulioidhinishwa. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpango wa miliki bunifu unaopingana na nyaraka hizi utakwama, hata kama mfadhili ameupenda.

Kuandika mpango: mfano wa utepe

Wanasayansi wa Ifakara wamechapisha tafiti juu ya tepe za kitambaa zilizotiwa transflutrini, dawa inayofukuza mbu, zinazofungwa kwenye mianya iliyo kati ya ukuta na paa. Mfano ufuatao ni wa kubuni lakini umejengwa juu ya teknolojia ya namna hiyo. Taasisi moja ya utafiti bondeni, chuo kikuu kimoja cha Ulaya na kiwanda kimoja cha viuatilifu wanaomba fedha kwa pamoja ili kuboresha utepe wa mkonge kwa ajili ya vibanda vya mashambani. Mpango wao unapaswa kujibu maswali saba.

1. Kila mmoja anakuja na nini? Kiwanda kina kiuatilifu na siri ya kukifanya kidumu kwenye nyuzi. Chuo kikuu kina programu ya kompyuta ya kuhesabu mbu. Taasisi ya bondeni ina michoro ya tepe za majaribio ya awali, makoloni ya mbu waliofugwa, takwimu za miaka mingi na mafundi wenye ujuzi. Taasisi nyingi za Afrika huacha nafasi hii wazi zikidhani hazina la kuandika. Hilo ni kosa kubwa. Kisichoorodheshwa kama miliki ya awali kinaweza kudaiwa baadaye kuwa ni zao la mradi, na hivyo kuwa mali ya wote.

2. Nini kinatarajiwa kuzaliwa? Katika mfano huu yatarajiwe mambo manne: muundo mpya wa utepe, njia ya kuutia dawa kijijini, takwimu za majaribio, na mwongozo wa mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. La kwanza na la pili huenda yakafaa hataza. La tatu linahusu sera ya takwimu. La nne ni hakimiliki, na lina heri likitolewa kwa leseni huria ili kila wilaya ilinakili bila kuomba ruhusa.

3. Nani atakuwa mmiliki, na nani ni mvumbuzi? Haya ni mambo mawili. Mvumbuzi ni mtu aliyetoa wazo la kiuvumbuzi. Mmiliki mara nyingi ni mwajiri wake. Sheria ya hataza ya Tanzania, kama zilivyo sheria nyingi, humpa mwajiri haki ya uvumbuzi uliofanywa katika utekelezaji wa ajira, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kuwa mwandishi wa makala si sawa na kuwa mvumbuzi, na kuwa mkuu wa idara hakumfanyi mtu awe mvumbuzi. Kwa upande mwingine, fundi cherehani aliyegundua namna ya kushona iliyouzuia utepe usipoteze dawa kwa mvua anaweza kuwa mvumbuzi kamili, ijapokuwa hana shahada. Kwa hiyo mpango uagize daftari la uvumbuzi ambamo wazo huandikwa siku lilipozuka, pamoja na jina la aliyelitoa, hata kama ni kibarua wa siku. Fundi asiye mwajiriwa aandikiwe mkataba wake kabla ya kuanza kazi, na aelezwe kwa Kiswahili anachokubali.

4. Kipi kilindwe na kipi kiachwe wazi? Hataza katika nchi nyingi inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Si kila wazo linastahili gharama hiyo. Sababu nzuri ya kuweka hataza ni kwamba kiwanda hakitawekeza bila hiyo, au kwamba washirika wanataka nguvu ya kuweka masharti ya bei. Hadhi peke yake si sababu. Mpango useme nani ataamua, ndani ya siku ngapi, na fedha zitatoka kifungu gani cha bajeti. Mpango usio na kifungu cha bajeti humwachia uamuzi mshirika mwenye fedha.

5. Nani ataruhusiwa kutumia? Hiki ndicho kiini cha mpango wote. Kifungu kinaweza kusomeka hivi: "Kiwanda kitapata leseni ya kutengeneza na kuuza utepe. Kwa sekta ya umma na mashirika yasiyo ya faida katika nchi zenye malaria, bei haitazidi gharama ya uzalishaji pamoja na kiwango kilichokubaliwa. Kiwanda kikishindwa kufikisha bidhaa katika soko hilo ndani ya miaka mitatu, leseni itarudi kwa wamiliki." Ahadi za namna hii si ndoto. Kampuni ya GSK iliahidi kuuza chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, kwa gharama ya uzalishaji pamoja na asilimia 5 ya kurudishwa katika utafiti. Mwaka 2003 kampuni ya Sumitomo ya Japani ilikipa kiwanda cha A to Z cha Arusha teknolojia ya vyandarua vya Olyset bila kudai mrabaha.

Mwandishi wa mpango aangalie pia miliki ya awali iliyomo ndani ya bidhaa. Chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, ilibuniwa Oxford, lakini kiamsha-kinga chake ni cha kampuni ya Novavax. Kadhalika, kuumiliki utepe bila haki ya kupata kiuatilifu ni sawa na kuwa na taa isiyo na mafuta.

6. Matokeo yatachapishwa lini? Katika nchi nyingi, hasa za Ulaya, uvumbuzi uliotangazwa hadharani kabla ya ombi la hataza huhesabiwa kuwa si mpya tena. Muhtasari wa mkutano, tasnifu ya mwanafunzi iliyowekwa maktabani, au bango kwenye maonyesho vyatosha kuuharibu. Hata hivyo kinga dhidi ya hatari hiyo isigeuke kuwa kufuli. Utaratibu wa kawaida ni kuwapa washirika rasimu siku 30 kabla ya kuituma jaridani, na asiyejibu kwa wakati huhesabiwa amekubali. Ucheleweshaji wa kuwasilisha hataza uwekewe ukomo, kwa mfano siku 60 zaidi. Taarifa za usalama wa washiriki zisizuiwe hata siku moja kwa sababu ya hataza. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu alindwe ili mtihani wake usiahirishwe kwa ajili ya siri za wengine.

7. Ugomvi utaamuliwaje? Itajwe ngazi ya kwanza ya mazungumzo, kisha usuluhishi, kisha sheria ya nchi gani. Ikiwa kila shauri lazima lipelekwe katika mji mkuu wa Ulaya, taasisi ya bondeni haina njia ya kudai haki yake, hata kama imeandikwa vizuri.

Wahudumu wa afya na wagonjwa

Mhudumu wa zahanati anaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya wanasheria. Lakini yeye ndiye anayeulizwa na mama mwenye mtoto: "Damu hii inakwenda wapi?" Fomu ya ridhaa na mpango wa miliki bunifu lazima viseme jambo moja. Fomu ikisema sampuli itatumika kwa malaria tu, na mpango ukampa mshirika haki ya kuitumia kubuni kipimo cha ugonjwa mwingine, mgonjwa amedanganywa, ingawa hakuna mtu mmoja aliyekusudia kumdanganya. Kwa hiyo mtu mmoja katika timu asome nyaraka hizo mbili kwa pamoja kabla hazijapelekwa kwa kamati ya maadili.

Mgonjwa au mzazi anayo haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi. Sampuli yangu itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Itatumika kwa utafiti mwingine, na nani ataruhusu? Bidhaa ikipatikana, je, kuna ahadi yoyote juu ya upatikanaji wake hapa? Nikijitoa, sampuli itafanywa nini? Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani linataka mipango ya washiriki kupata tiba iliyoonekana kufaa iandaliwe kabla ya jaribio kuanza. Mpango wa miliki bunifu ni mahali pa kuonyesha kwamba mipango hiyo ina nguvu ya mkataba.

Faida kwa jamii zisiahidiwe kupita kiasi. Bidhaa nyingi zinazojaribiwa hazifiki sokoni, kama SPf66 ilivyoonyesha. Ahadi ya mgawo wa faida ya mauzo huenda isilete hata senti moja. Yapo manufaa ya uhakika zaidi ambayo mpango unaweza kuyataja: vifaa vya maabara vitakavyobaki zahanati, mafunzo kwa vijana wa kijiji, nakala ya matokeo kwa Kiswahili itakayosomwa kwenye mkutano wa kijiji, na haki ya mafundi wa bondeni kutengeneza utepe kwa matumizi ya vijiji vyao bila kulipa leseni.

Ratiba inayofaa

Mpango mzuri hauandikwi usiku mmoja. Miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho, washirika waorodheshe miliki zao za awali, kila taasisi kwa mkono wake. Miezi miwili kabla, wakubaliane kwa maandishi mafupi juu ya umiliki, leseni na bei, na ofisi ya sheria ya kila taasisi isome. Mwezi mmoja kabla, mpango ulinganishwe na itifaki, fomu ya ridhaa, mkataba wa sampuli na bajeti. Ufadhili ukipatikana, mkataba kamili wa ushirikiano utiwe sahihi kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Baada ya hapo mpango ufunguliwe upya kila mwaka, kwa kuwa utafiti huzaa mambo ambayo hayakutarajiwa.

Taasisi ndogo isiyo na mwanasheria isikate tamaa. BRELA na COSTECH zinaweza kuulizwa ushauri mapema, na vyuo vikuu vingi nchini vina sera za miliki bunifu zinazoweza kuwa kielelezo. Kubwa zaidi ni kutokubali mpango ulioandikwa na mshirika mmoja utiwe sahihi na wengine bila kusomwa.

Hitimisho

Wakati pekee ambapo washirika wa utafiti hulingana nguvu ni kabla fedha hazijaja. Chuo kikuu cha Ulaya kinaihitaji sahihi ya taasisi ya bondeni ili ombi likubalike, na kiwanda kinahitaji mahali pa kujaribia bidhaa. Baada ya fedha kugawanywa na uvumbuzi kupatikana, kila kifungu kilichosahauliwa huwa na gharama. Kwa hiyo mtafiti wa Ifakara anayeomba kifungu cha bei kiandikwe sasa hacheleweshi kazi ya wenzake. Anamwakilisha mkulima wa Kivukoni, ambaye hayupo kwenye mkutano huo lakini ndiye atakayelala kibandani msimu ujao, akiwa na utepe huo juu ya ukuta au bila huo.